Haina Kitu

Mjomba wangu alikuwa halikubali neno "haina". Ukimwambia mtungi wa gesi umefungwa, anainuka barazani, anaingia jikoni, anaishika ile koki kwa mkono wake mwenyewe. Ukimwambia chupa ile haina mafuta ya taa, anaifungua na kuinusa. Ukimpa kisu cha kumenyea embe ukatanguliza makali, hakipokei. Anakutazama tu, mpaka ukigeuze umpe mpini. Watoto wa nyumba ile ya Jang'ombe tulikuwa tunamcheka. Tulimwita Inspekta. Si mbele yake, bila shaka. Mbele yake tulitoa shikamoo na kupisha njia.

Mama alikuwa akitukanya kwa nusu mdomo. "Mwacheni kaka yangu. Kazi ya porini hiyo." Tulijua kwamba ujanani alikuwa Bara, askari wa wanyamapori, na kwamba alirudi Unguja kabla ya wakati wake wa kustaafu. Tulijua pia kwamba alikuwa mtu wa saumu. Wakubwa walisimulia kuwa mwaka ule aliorudi alifunga miezi miwili mfululizo, wala haikuwa Ramadhani. Tukauchukulia ni uchamungu, tukaishia hapo.

Siku ya hitima yake, watu walipopungua, rafiki yake wa zamani alikaa na mimi barazani. Akaniuliza, "Wewe unajua kwa nini mjomba wako aliacha kazi?" Nikasema sijui. Akanihadithia. Nimekaa na habari hiyo muda sasa, na nimeona niiandike hapa kwa sababu ndani yake mna suali ambalo bado linanisumbua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikuwa wametoka kumfuatilia nyati aliyejeruhi mtu mashambani. Hawakumpata, wakarudi kambini jioni. Mjomba alikuwa na bunduki ya zamani ya Kiingereza, zile .303 ambazo askari wa zama zile wakiziita "mark four". Akachomoa kasha la risasi, akazimwaga risasi juu ya mkeka, akazihesabu. Kumi. Akampa bunduki kijana aliyekuwa chini yake aisafishe. Akamwambia, "Chukua, haina kitu." Kijana akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa wake. Akaondoa sefti, akabana kifyatulio ili ailegeze springi kabla ya kuanza kazi. Bunduki ikalia. Mwenzao wa tatu alikuwa amechutama motoni, anachochea kuni za chai. Hakufika asubuhi.

Uchunguzi ukafanywa, ikaandikwa ajali. Hakuna aliyefungwa. Kila aliyekuja kumpa pole mjomba alimwambia maneno yale yale: ajali haina kinga. Naye, kwa maneno ya rafiki yake, hakuwahi hata siku moja kuyaitikia.

Suali langu ni hili: nani alikosa pale, na alikosa nini hasa?

Kwa wasiowahi kuishika bunduki ya aina hii, nieleze kidogo, maana nusu ya jibu imo ndani ya chuma chenyewe. Bunduki hii haijipakii. Ubavuni ina kipini kama komeo la mlango. Ukikinyanyua na kulivuta komeo nyuma, unafungua chemba, yaani kile chumba kidogo nyuma ya mtutu ambamo risasi inakaa ikingoja. Ukilisukuma mbele, komeo linaichukua risasi ya juu kabisa kutoka kwenye kasha, au magazini kama wanavyosema askari, na kuitia chemba. Ukikilaza kipini chini, mlango umefungwa. Kuanzia hapo risasi ile haimo tena kwenye kasha. Imehama nyumba. Ukichomoa kasha unaondoka na zilizobaki, na ile moja ipo pale pale, nyuma yake springi imekazwa, inasubiri kidole.

Kasha la bunduki ile linachukua risasi kumi. Mtu aliye porini, anayemtafuta nyati mwenye hasira, anaweza kutia moja chemba kisha akajazia kasha zipate kutimia kumi tena. Anakuwa na kumi na moja. Jioni akihesabu kumi juu ya mkeka, hesabu imetimia. Na hatari ilikuwa katika hesabu iliyotimia. Angepata tisa, mjomba angeshtuka, angepapasa mifukoni, angetazama ndani ya bunduki. Kumi ilimtuliza.

Kuna mtego wa pili. Ukilichezesha komeo kwanza, kabla ya kuchomoa kasha, unaitoa risasi iliyomo na papo hapo unaingiza nyengine. Unaiona ile ya kwanza imeruka chini, unajisemea imekwisha, kumbe umeshapakia upya. Macho yameona risasi ikitoka na moyo ukatosheka.

Ndiyo maana watu wa kazi hiyo wana utaratibu wao, na hawauruki hata wakiwa wamechoka. Mtutu uelekee pahala ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Kasha kwanza, komeo baadaye. Komeo libaki wazi. Kisha tazama ndani ya chemba, na kama kuna giza, tia kidole upapase. Halafu mpe mwenzako bunduki ikiwa wazi vile vile, naye atazame, naye apapase. Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyefundisha watu wengi kushika silaha, aliweka kanuni ya kwanza kuwa kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, siku zote.

Ukiifikiria, kanuni hii ni ya ajabu. Inakutaka ufanye kama hujui, hata pale unapojua kwa yakini. Bunduki uliyoikagua dakika moja iliyopita, ukaiegemeza ukutani, ukaenda kunywa maji, ukirudi ni ngeni kwako. Unaanza upya. Mtu wa nje akikuona atasema una wasiwasi. Sisi tulimwita mwenye tabia hiyo Inspekta.

Sasa nirudi nyumbani kidogo. Wazanzibari tukitaja bunduki, akili inakwenda moja kwa moja kwenye siasa. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Waingereza zililipiga kasri kwa mizinga, na chini ya saa moja kila kitu kimekwisha. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 watu wenye mapanga na mikuki walilivamia ghala la silaha la polisi pale Ziwani, si mbali na Jang'ombe yetu, na kulipokucha bunduki zilikuwa kwenye mikono ambayo mingine haijawahi kuzishika. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume alipigwa risasi Kisiwandui. Januari 2001 waandamanaji waliuliwa kwa risasi Unguja na Pemba. Katika habari zote hizi tunauliza nani aliamuru, nani alifyatua, kwa sababu gani. Hata tukifungua riwaya zetu, tuseme Kasri ya Mwinyi Fuad au Haini za Adam Shafi, silaha tunayokutana nayo ina nia nyuma yake.

Kwa hiyo tuna lugha pana sana ya risasi ya makusudi. Tunajua kulaani, kutetea, kunyamaza kwa maana. Risasi isiyokusudiwa tumeiachia methali moja tu. Ajali haina kinga, na kikombe cha kahawa kinaendelea kuzunguka.

Mie nadhani methali hiyo, pale kambini, iliwekwa pahala si pake. Lakini kabla sijafika huko, nataka tumtazame yule kijana.

Kijana yule alikuwa na nafasi ya kuokoa roho ya mtu. Alichotakiwa ni kunyanyua komeo, kulivuta, kutazama. Sekunde mbili. Kwa nini hakufanya? Wengine watasema uzembe. Mie nafikiri alizuiwa na adabu. Mkubwa wake amemwambia haina kitu. Kulivuta komeo mbele ya macho yake ni kama kusema, "Mzee, sikuamini." Kwetu jambo hilo ni zito. Mtoto aliyelelewa vizuri haihesabu mara ya pili chenji aliyopewa na ami yake mbele yake. Mgeni haonji chakula kwanza kwa ncha ya ulimi kana kwamba anatafuta sumu. Tumefundishwa kwamba kulipokea neno la mkubwa kama lilivyo ndiyo heshima yenyewe, na malezi hayo yametujengea mambo mengi mazuri. Mtaa kama Jang'ombe, nyumba zimeegemeana, watoto wanalelewa na kila mtu, hauwezi kusimama bila watu kuaminiana kwa neno.

Basi mjomba na kijana waliaminiana. Mjomba aliiamini hesabu yake, kijana akamwamini mjomba. Wote wawili walitenda vizuri kwa kipimo cha mahusiano yao. Aliyelipa ni wa tatu, aliyekuwa anachochea kuni za chai. Yeye hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia, "Sisi wawili tumekubaliana kutokukagua, kwa kuwa hatutaki kukoseana heshima. Je, wewe umeridhia?"

Hapo ndipo nilipolipata jibu langu, kama ni jibu. Watu wawili wanaweza kuamua kuaminiana, na wakidanganyana, hasara ni yao. Nikikukopesha pesa kwa neno lako tu, nimebeba mzigo wangu mwenyewe. Lakini uaminifu wa wawili hawana haki ya kuudhamini kwa roho ya wa tatu. Mtutu unapoelekea kwa mtu ambaye hayumo katika mazungumzo, heshima niliyo nayo kwako haitoshi. Nina deni kwa yule mwengine, na deni hilo linalipwa kwa kufungua komeo.

Jambo hili halikutokea porini kwetu tu. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico huko Marekani, watu walikuwa wakitayarisha tukio la filamu iitwayo Rust. Mwigizaji Alec Baldwin alikuwa ameishika bastola. Ilikuwa imetangazwa kuwa bastola hiyo ni "baridi", ndiyo lugha yao ya kusema haina risasi ya moto. Ilikuwa nayo. Ikampiga Halyna Hutchins, mpigapicha mkuu wa filamu, mwenye umri wa miaka 42, akafariki. Ikamjeruhi pia muongozaji, Joel Souza. Kesi zikafuata. Mtunza silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alitiwa hatiani Machi 2024 kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Msaidizi wa muongozaji alikuwa ameshakubali kutopinga shitaka la kutumia silaha kwa uzembe, akapewa miezi sita ya uangalizi bila kufungwa. Kesi ya Baldwin ilifutwa Julai 2024 katikati ya usikilizwaji, kwa sababu waendesha mashitaka hawakuuonesha upande wa utetezi ushahidi uliopaswa kuoneshwa.

Mtu anaweza kubishana siku nzima juu ya nani kati yao alistahili nini. Mie ninaloliona ni lile neno. "Baridi." "Haina kitu." Neno lilipita kutoka mdomo hadi sikio, na kila lilipopita lilipata uzito zaidi, kwa kuwa kila aliyelisikia alidhani aliyemtangulia ametazama. Bastola, bunduki ya komeo, haidhuru. Chuma hakisikii lugha. Na Hutchins alisimama palepale aliposimama yule mwenzao mjomba, nafasi ya wa tatu.

Kuna hadithi za Mtume ambazo tulisoma chuoni tukiwa wadogo, na wallahi sikuzielewa mpaka mwaka huu. Moja, iliyomo kwa Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, inamkataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa sababu hajui, huenda shetani akaivuta kutoka mkononi mwake, akaishia kwenye shimo la moto. Nyengine inamtaka anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, isije ikamjeruhi mtu. Nyengine tena, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, inakataza kupokezana upanga ukiwa nje ya ala.

Zitazame vizuri. Hakuna hata moja inayozungumzia mtu mbaya. Mwenye mishale sokoni amekwenda kununua tende. Anayepokezana upanga anampa rafiki yake. Na ile ya kwanza inataja sababu waziwazi: hajui. Yaani nia yako njema haiingii kabisa kwenye hesabu. Mafundisho haya yanaushika mkono kabla ya kuufikia moyo. Na la soko ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa soko limejaa watu wa tatu.

Nikakumbuka kile kisu cha embe. Kumbe mjomba hakuwa na maradhi ya wasiwasi. Alikuwa anatufundisha kupokezana upanga, na sisi tukadhani ni kituko.

Sasa turudi kwenye methali. Ajali haina kinga. Watu waliomwambia mjomba maneno hayo hawakuwa wanafalsafa, walikuwa wanampenda. Walitaka kumtua mzigo. Na kuna ukweli ndani yake: askari wangapi jioni ile ile, katika kambi nyengine, walikabidhiana bunduki bila kutazama chemba, na hakuna kilichotokea? Wao walikula, wakalala, wakazeeka bila kuota ndoto mbaya. Kosa lao na la mjomba ni moja. Tofauti ni bahati. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams na Thomas Nagel, waliandika juu ya jambo hili hili: vipi tunamlaumu mtu zaidi kwa kitu ambacho hakukidhibiti? Williams alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Akasema dereva huyo atahisi kitu ambacho mtazamaji wa pembeni hawezi kukihisi, na sisi tutamwona ana kasoro kama hatakihisi. Tutamfariji, ndiyo, tutamwambia si kosa lako. Lakini akiikubali faraja yetu haraka mno, akapangusa mikono akaendelea na safari, tutamtilia shaka.

Mjomba hakuikubali faraja. Sasa naelewa kwamba hakuwa na ukaidi. Aliona methali ile inamwambia uongo mmoja mdogo. Ajali yake ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ilikuwa kunyanyua komeo. Tunapoitumia methali kwa kila kitu, bodaboda iliyobeba watu wanne, mtungi wa gesi uliowekwa karibu na moto, boti iliyojazwa kupita kiasi, tunalifanya neno "ajali" kuwa jina jengine la kutotazama. Kadari ya Mwenyezi Mungu ipo, mie sibishani nayo. Ila yule bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mungu, naye alikuwa anaiamini kadari.

Sheria ya Bara nayo haikubali kwamba "sikukusudia" ni mwisho wa mazungumzo. Kanuni ya Adhabu inalo kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini kilichonishika mie ni Qurani, Suratun-Nisaa, aya ya 92. Inamzungumzia muumini aliyemuua muumini kwa makosa, bila kukusudia. Haimwiti muuaji wa makusudi. Huyo ana aya yake inayofuata, nayo ni nzito mno. Hata hivyo haimwachi aende zake. Inamtaka aache mtumwa huru na awalipe diya watu wa marehemu, isipokuwa wakisamehe. Asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo.

Miezi miwili mfululizo.

Nilimuuliza yule rafiki yake, "Kwani sheikh alimwambia ni wajibu wake? Aliyefyatua si yule kijana?" Akasema mjomba alikwenda kuuliza, akajibiwa kuwa halimlazimu, kidole hakikuwa chake. Akashukuru, akarudi nyumbani Jang'ombe, akaanza kufunga siku ya pili yake. Na mshahara wake wa mwisho aliupeleka kwa mama wa marehemu. Kijana naye, alisema, alifunga huko huko Bara.

Nadhani mjomba aliipata pale njia ya katikati ambayo sisi wengine tunaikosa. Tunajua kumwita mtu muuaji, na tunajua kumwambia haukuwa na la kufanya. Kufunga siku sitini ni kusema kitu cha tatu: sikukusudia, na limepita mkononi mwangu. Saumu haimrudishi aliyekufa. Inampa mtu pahala pa kuuweka mzigo wake bila kuutupa na bila kujitupa yeye mwenyewe. Na inakwisha. Siku ya sitini unakula futari, na baada ya hapo kilichobaki ni kukagua mitungi ya gesi kwa miaka arobaini.

Najua nitapingwa. Mtu atasema, yakhe, tukikagua kila neno la kila mtu si tutaishi kama polisi? Kweli. Kwa hiyo nina mipaka miwili. Wa kwanza nimeshautaja: kagua pale ambapo neno likiwa si kweli, atakayeumia si wewe wala aliyelisema. Habari za mtaani unaweza kuzipokea kama zilivyo, chemba ya bunduki hapana.

Wa pili ni huu: kagua na la kwako pia. Kanuni ya bunduki haisemi "usimwamini mwenzako". Inasema kila bunduki, na ya kwako imo. Mwenye kuvuta komeo mbele ya mkubwa wake hamshitaki, kwa sababu dakika tano baadaye atalivuta tena mbele ya nafsi yake. Anayekagua ya wengine tu na kujiachia yeye, huyo ndiye mwenye dharau.

Na adabu inaweza kujifunza. Sikuambii tuiache heshima, nasema tuipanue. Fikiria kama kambi ile ingekuwa na desturi ya kwamba mkubwa anapokabidhi bunduki, analifungua komeo mwenyewe na kumwonesha mdogo, na mdogo anatazama, anatia kidole, anasema "nimeona". Ingekuwa kama salamu. Hakuna anayeambiwa shikamoo akadhani anapimwa. Mmoja anaanza, mwengine anaitikia, na kazi inaendelea. Katika desturi hiyo, kijana asiyetazama ndiye angeonekana hana adabu.

Sisi wapenzi wa fasihi tunalo tatizo letu la ziada. Katika barua ya mwaka 1889, Anton Chekhov alimshauri mwandishi mwenzake asiweke jukwaani bunduki iliyopakiwa ikiwa hakuna atakayeifyatua. Ni ushauri mzuri kwa tamthiliya. Kwa maisha ni kinyume chake kabisa. Maisha mema yamejaa bunduki zilizotundikwa ukutani ambazo hazikulia mpaka mwisho wa mchezo, na hakuna anayepiga makofi. Mtu akivuta komeo, akatazama, akakuta hamna kitu, hana cha kusimulia barazani. Akikuta imo na akaitoa, ana hadithi ya nusu dakika. Ili mjomba awe na hadithi ya kuandikwa hapa, ilibidi mtu afe. Ile miaka arobaini ya baadaye, mikono iliyoshika koki, chupa zilizonuswa, visu vilivyogeuzwa, haina hadithi. Sisi tuliokuwa ndani yake tuliiona ni kichekesho. Sijui ni mangapi aliyazuia katika nyumba ile, na hayo hayahesabiki, kwa kuwa jambo lililozuiliwa halitokei.

Wiki iliyopita nilikwenda Jang'ombe kumtazama mama. Tulikaa ukumbini baada ya chai ya jioni, wajukuu wanacheza chini. Akaniuliza kama nimefunga mtungi. Nikasema nimefunga, na nilikuwa na yakini, mkono wangu unakumbuka. Kisha nikainuka nikaenda jikoni nikaishika koki. Ilikuwa imefungwa. Nikarudi nikakaa. Mama hakusema kitu, na watoto wala hawakunyanyua vichwa.